Gurudumu Linalorudi Nyumbani

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya karakana ya pikipiki, pale barabara ya lami inapokutana na njia ya udongo iendayo mlimani. Kushoto kwake kulikuwa na kinyozi, kulia kibanda cha kuchajia simu, na juu ya vichwa vya wote lilitandazwa turubai la buluu. Zamani turubai hilo lilifungwa kwa vipande vya kamba na matambara, na kila upepo ulipovuma liliwaangukia watu na vikombe vyao. Siku hizi lilikazwa barabara, halitikisiki, na wenye benchi walijivunia kivuli chao kama wengine wanavyojivunia nyumba ya ghorofa. Birika la kahawa lilikaa kwenye jiko la kinyozi kutwa nzima. Sheria ya pale ilikuwa moja tu: anayekunywa lazima atoe maoni.

Siku hiyo Mama Madebe alifika bila kusalimia, na hilo peke yake liliwafanya watu waache vikombe hewani. Mama huyu hukusanya maziwa kwenye nyumba za juu mlimani na kuyateremsha hadi kwenye tangi la ushirika. Jina lake limetokana na madebe anayobeba. Kwa kawaida humsalimia hata mbuzi akimkuta njiani. Leo alizima mashine, akashuka akiwa ametapakaa tope hadi mabegani, akafungua debe moja na kulisogeza mbele ya pua zao.

— Nuseni.

— Toba! Kinyozi aliruka nyuma, mkono puani. Watu wote walimwita Wembe, na si kwa sababu ya kunyoa bali kwa sababu ya ulimi. Mama, hayo ni maziwa au ni adhabu?

— Ni maziwa ya jana jioni. Yamelala korongoni. Mimi nimeshuka kwa miguu, yenyewe nimeyaacha huko pamoja na mashine, na leo asubuhi vijana wa shambani wamenivuta kwa kamba kama ng'ombe aliyetumbukia kisimani.

Kutoka karakanani akatokea Fundi Nati, anafuta mikono kwa kitambaa cheusi kuliko mikono yenyewe. Fundi huyu ni mdogo wake mume wa Mama Madebe, na hakuna pikipiki ya mtaa ule ambayo hajaifungua.

— Shemeji! Nani amekufanyia hivi?

— Chura.

Wote wakageuka kuitazama mashine. Chura ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, ya kijani, yenye matairi manene na mgongo mpana wa kubebea mizigo. Ushirika ulimkabidhi Mama Madebe mwanzoni mwa mvua, maana baiskeli ya mumewe haikuweza tena njia ile, na mumewe mwenyewe hakuweza tena baiskeli. Miaka ya kubeba madebe ilikuwa imemlaza na mgongo wake. Benchi ndilo lililoibatiza jina. Waliipenda, waliikalia wakapigwa picha, na kila aliyepita aliambiwa: ile pale inavuta kwa miguu yote minne.

— Haiwezekani, alisema Nati. Chura hanasi.

— Amenasa, shemeji. Na mwenyekiti wa ushirika amenipigia simu asubuhi. Anasema maziwa ya leo jioni yasipofika kwenye tangi, njia yangu anampa yule mwenye gari dogo. Na mnajua gari lile haliachi lami. Watu wa juu watamwaga maziwa yao chini, na mimi nitarudi nyumbani kumtazama kaka yako akiuliza tunakula nini.

 Wembe akajaza kikombe kahawa.

— Hebu tueleze, mama, alisema mzee aliyekaa mwisho wa benchi. Huyo ni Mzee Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakakataa. Eleza polepole, usiruke kitu. Ulinasaje?

Mama Madebe akakaa. Akapewa kikombe, akakishika tu, hakunywa.

— Pale maji yalipokata njia, magurudumu ya nyuma yote mawili yaliingia kwenye tope, yakawa yanazunguka tu, yananirushia. Nikasema si kitu, nina ya mbele. Nikabonyeza kile kitufe cha kuunganisha ya mbele. Nikasikia tak. Nikaongeza moto.

— Vizuri kabisa, alisema Nati.

— Sikiliza basi. La mbele kushoto lilikuwa linaning'inia juu ya shimo. Halijagusa kitu, lipo hewani. La mbele kulia limekanyaga mwamba mkavu, pahali pazuri hata wewe ungekaa ukanywa kahawa. Sasa niambieni ninyi wenye akili. Katika hayo mawili, lipi lilizunguka?

— La mwambani, walisema wote kwa pamoja.

— La hewani.

Wembe akaweka kikombe chini taratibu.

— Rudia.

— La hewani lilizunguka kama feni. La mwambani lilitulia tuli kama mgeni rasmi. Nimeliangalia kwa macho yangu mpaka machozi yakanitoka.

— Mungu wangu! Kijiko cha sukari kilimtoka Mzee Breki kikaanguka vumbini, na hakukiokota.

— Ngoja, ngoja, alisema Wembe, na sauti yake ilikuwa imepanda. Yaani lenye pa kukanyaga halikupewa kitu, na lisilo na pa kukanyaga likapewa nguvu zote lichezee?

— Ndivyo ilivyokuwa.

— Hiyo mashine imewahi kuajiriwa ofisini! alisema Betri, kijana mnene wa kibanda cha simu, ambaye kwake kila kitu duniani kilikuwa simu iliyoharibika. Huo si ubovu wa kawaida. Hapo kuna mtu.

— Hakuna mtu, alisema Nati. Hapo kuna benchi. Inueni.

Benchi lile ndilo lilikuwa hospitali ya mtaa. Redio ikizimika, inalazwa pale. Kiti kikivunjika mguu, kinalazwa pale. Hata jogoo wa Wembe aliwahi kulazwa pale, ingawa yeye hakupona. Basi watu wakasimama, wakashika Chura huku na huku, wakahesabu mpaka tatu, wakainua pua yake na kuilaza juu ya ubao. Magurudumu ya mbele yakabaki yananing'inia pande mbili kama miguu ya mtoto aliyekaa kwenye kiti kirefu. Ya nyuma yalibaki chini, na gia ikiwa imeingizwa ili mashine isirudi.

Nati akachuchumaa upande wa kushoto. Akashika tairi, akalizungusha kuelekea mbele. Likazunguka laini, bila kelele.

— Beringi nzima. Difu nayo, hizi gia za katikati ya magurudumu, haigugumii. Mmeona? Huyu ni mzima kuliko Mzee Breki.

Lakini Mama Madebe alikuwa amesimama upande wa kulia, na alikuwa ameweka mkono mdomoni.

— Shemeji. Zungusha tena.

Akazungusha tena.

— Shemeji, njoo uangalie huku.

— Huku kuna nini? Mimi nazungusha hili.

— Wewe zungusha tu. Wembe, njoo. Mzee, njoo uone, nisije nikaonekana nimechanganyikiwa na maziwa.

Wakaja upande wa kulia. Nati akazungusha la kushoto kwenda mbele. Na mbele ya macho yao, bila kuguswa na mtu, gurudumu la kulia likazunguka kwenda nyuma.

Wote wakainama kulitazama.

— Halijaguswa, alisema Betri kwa sauti ndogo.

— Halijaguswa.

— Na linarudi nyuma.

— Nati, wewe umelipeleka lako mbele au nyuma?

— Mbele! Nati alikuja akikimbia, akaona kwa macho yake, kwa sababu Wembe alikuwa ameshaenda kushoto na kulizungusha. Akashika kichwa. Lo! Lo! Lo!

— Ndugu zangu, alisema Wembe. Mama huyu kila siku anapanda mlima na gurudumu moja linakwenda kuchukua maziwa, na lingine linarudi nyumbani.

Mama Madebe akakaa tena, mwisho wa benchi. Alikumbuka mara zote alizopita ukingoni mwa bonde, pale njia inapokata kona, madebe yamejaa nyuma yake, akiimba. Alikuwa akiimba juu ya kitu chenye mawazo mawili!

Ndipo benchi likaanza kazi yake.

— Limefungwa kinyume, alisema Wembe. Gurudumu la kulia ni la kushoto, la kushoto ni la kulia. Wewe mvalishe mtu viatu hivyo uone kama hatarudi nyuma.

— Gurudumu ni duara, Wembe, alisema Nati. Duara halina kushoto.

— Basi uniambie kwa nini linarudi.

— Ni safari, alisema Mzee Breki. Mashine hizi zinaletwa melini. Zinalala ubavu mmoja wiki nzima. Mafuta yote ya difu yanahamia upande mmoja. Upande wenye mafuta unakimbia, upande mkavu unaogopa.

— Mzee, mafuta yangesharudi, alisema Nati. Imefika tangu mwanzo wa mvua.

— Mafuta mazito hayana haraka.

— Sikilizeni mimi, alisema Betri, na akavuta kigoda karibu. Humu ndani kuna kifaa. Kiwanda kinataka mashine yake. Ikifika mahali hakuna mtu, kama kule korongoni, kinaiita. Gurudumu la kushoto ni la kwetu, la kulia limeshaitika. Mama, ungechelewa kidogo tu jana, ungelikuta liko njiani kwenda bandarini.

— Peke yake?

— Lingeanza lenyewe. Mengine yangefuata.

— Wahenga walisema, alianza Wembe.

— Wahenga hawakuwa na difu! alifoka Nati. Nyamazeni nifikiri.

Mama Madebe hakucheka. Alitazama kivuli cha turubai kilivyosogea. Kilikuwa kimeshaacha miguu ya benchi na kuanza kupanda ukuta wa karakana. Kule juu, wanawake walikuwa wanaosha vyombo vya kukamulia, na walikuwa wanamtegemea.

— Mzee, alisema kwa upole, kama mtu anayemuuliza mtoto aliyekosea hesabu, lori lako lilikuwa na difu?

— Lilikuwa nayo. Mbili.

— Ilikuwa ya nini?

Mzee Breki akafungua mdomo ili ataje tena meli, kisha akaufunga. Akafikiri. Akaokota kijiko chake vumbini, akakifuta kwenye suruali.

— Ya kona, alisema hatimaye. Ndiyo. Ukikata kona, gurudumu la ndani linatembea kidogo, la nje linatembea sana. Ni kama watu wawili waliobeba kabati. Wakifika kwenye pembe ya nyumba, wa ndani anakanyaga papo hapo, wa nje anakimbia. Ukiwalazimisha watembee sawasawa, kabati linaingia ukutani. Kwa hiyo difu inawapa ruhusa. Mmoja apunguze, mwenzake aongeze. Kile anachopunguza huyu ndicho anachoongeza yule.

— Basi ndiyo maana, alisema Mama Madebe polepole. Shemeji akilipeleka moja mbele, na injini imeshikilia katikati, lingine linalipa kwa kwenda nyuma.

— Eee... alisema Mzee Breki, akashtuka kwa maneno yake mwenyewe. Eee, kumbe!

— Kwa hiyo si mbovu?

— Kwa hiyo ndivyo ilivyo.

— Ndivyo ilivyo! Wembe alisimama. Yaani mtu alikaa, akachora, akatengeneza, akijua kwamba nguvu itakwenda kwa asiye na kazi?

— Nguvu inapita penye urahisi, mwanangu. Lililoko hewani ni rahisi kulizungusha. La mwambani ni gumu, maana lina mashine nzima ya kusukuma. Difu haijui lipi lina faida. Inajua lipi halibishi.

Habari hiyo iliwapiga kuliko ile ya gurudumu kurudi. Walitazama Chura kama watu waliogundua kwamba jirani yao mpole ana wake wanne katika miji minne. Betri alijimiminia kahawa, ikatoka nusu kikombe na machicha.

— Birika limekwisha, alisema. 

— Basi dawa ni moja, alisema Nati. Akaingia ndani, akatoka akivuta mtungi wa gesi, na miwani myeusi ameshaiweka kwenye paji la uso. Kama difu inawapa ruhusa, mimi naifuta ruhusa. Nafungua tumbo lake, nachomelea zile gia ndogo za ndani ziwe kitu kimoja. Yote mawili yatazunguka pamoja, watake wasitake.

— Daima? aliuliza Mama Madebe.

— Daima.

— Na kwenye kona?

Nati akakohoa.

— Kwenye kona utakaza mikono.

— Nilimjua mtu aliyechomelea difu ya mbele, alisema Mzee Breki. Barabara nyoofu alikwenda kama treni. Alipofika kwenye kona, alizungusha usukani, gari likaendelea kunyooka. Liliingia kwenye duka la magodoro.

— Alipona?

— Magodoro yalimsaidia. Wewe, mama, kwenye kona yako kuna duka la magodoro?

 Kwenye kona ya Mama Madebe kulikuwa na bonde, na chini ya bonde mawe. Kila mtu pale alilijua bonde lile.

Mama Madebe akamtazama Nati. Alimpenda shemeji yake huyu. Mume wake alipoanza kuumwa, Nati ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, na ndiye aliyeikagua Chura nati kwa nati siku ilipofika, bila kuombwa, akiondoa hiki na kukaza kile ili shemeji yake asipate shida. Kumkatalia mbele ya benchi lilikuwa jambo zito. Na jua nalo halikuwa linamsubiri mtu.

Alihesabu kichwani mwake kwa utulivu, kama alivyozoea kupima maziwa. Difu isipochomelewa, atanasa korongoni, na njia itakwenda. Ikichomelewa, atapita korongoni, kisha ataifikia kona.

— Nitapita kona kwa kushuka na kuisukuma mashine, alisema. Chomelea, shemeji.

— Mama! alisema Wembe.

— Chomelea. Nifanyeje?

Nati akashusha miwani machoni. Akachukua spana, akaingia chini ya tumbo la Chura kufungua nati ya kwanza.

Wakati huo huo akaja mtu anayesukuma baiskeli. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, futi ya kupimia ikiwa shingoni, na hakuwa mtu wa benchi. Kahawa, alisema siku zote, inamtetemesha mkono.

— Samahani jamani. Fundi yupo? Waya wa breki umenikatikia kwenye mteremko, nimesimama kwa kutumia ukuta wa watu.

— Subiri, alisema Betri. Kuna mgonjwa mahututi.

Fundi cherehani akaegemeza baiskeli yake kwenye Chura. Mkono wa breki wa baiskeli ulikuwa unacheza huku na huku, umekosa cha kuvuta. Akautazama. Kisha akatazama usukani wa Chura, upande wa kushoto, ambako kulikuwa na mkono mwingine wa njano, umetundikiwa kitambaa cha kuchujia maziwa. Akakiondoa kitambaa kwa adabu, akaubonyeza ule mkono kwa kidole. Nao ukacheza huku na huku.

— Pole, mama, alisema. Kumbe na wewe waya umekukatikia.

— Waya gani, baba? Breki zangu zipo, ni huu wa kulia na ule wa mguu.

— Basi huu wa kushoto ni wa nini?

Mama Madebe akafikiri. Tangu mwanzo wa mvua alikuwa akitundika kitambaa pale.

— Ni wa kutundikia kitambaa, alisema, na mara ile akasikia jinsi jibu lile lilivyosikika.

— Ni mkono wa klachi, ilisema sauti ya Nati kutoka chini ya mashine. Chura hana klachi, anaendeshwa kwa mkanda. Kiwandani walisahau tu kuutoa. Waya wake niliuondoa mimi siku ya kwanza, ulikuwa unazurura bure mpaka huku chini.

— Aa, alisema fundi cherehani, na akatikisa kichwa kwa heshima. Mimi si mtu wa mashine. Lakini kama hana klachi, waya ulikuwa unavuta nini?

Chini ya Chura, spana ikaacha kulia.

Wembe alimtazama Betri. Betri alimtazama Mzee Breki. Mzee Breki alitazama ndani ya kikombe chake kilicho kitupu. Sheria ya benchi ilikuwa moja tu, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kuitimizia.

— Shemeji, alisema Mama Madebe taratibu. Huko chini uliko, ulipoishia huo waya palikuwa na nini?

 Sauti ya Nati ikaja, nyembamba, kama inatoka kwenye debe.

— Kuna kijimkono. Kidogo. Kina tundu la kuingizia waya.

— Kimeshikana na nini?

— Na difu.

Nati akatoka chini kinyumenyume. Akavua miwani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona moshi ukitoka nyumbani kwake. Hakumtazama mtu yeyote. Aliinua macho, polepole, mpaka juu ya kichwa cha Wembe. Na watu wote, mmoja baada ya mwingine, wakainua macho yao.

Juu yao, kutoka kwenye nguzo ya karakana mpaka kwenye dirisha la kinyozi, turubai la buluu lilikuwa limekazwa kwa waya mmoja mweusi, mrefu, imara, wenye gamba la plastiki na vichwa viwili vya chuma vilivyong'aa.

— Usiniambie, alisema Wembe.

Nati hakumwambia. Alipanda juu ya rimu na kuanza kufungua. Turubai likashuka lote kwa mara moja, likawafunika Betri na Mzee Breki pamoja na birika, na jua likawapiga usoni kama kofi.

 Fundi cherehani alishika upande mmoja wa waya, Nati upande wa pili, wakauingiza kwenye mkono wa njano na kuuteremsha mpaka kwenye kile kijimkono chenye tundu. Nati akakaza nati zake bila kupiga mluzi, jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Kisha akaondoa gia, magurudumu yawe huru.

— Shemeji, bonyeza huo mkono. Ushikilie.

Mama Madebe akaubonyeza. Ndani ya tumbo la Chura kitu kikaitika, kama mlango wa kabati unaojifunga.

Nati akalishika gurudumu la kushoto, akalizungusha kwenda mbele.

La kulia likaenda mbele.

— Haa! Wembe alishika mdomo kwa mikono miwili.

— Achia, alisema Mzee Breki, aliyekuwa bado ana kona ya turubai kichwani. Achia, mama. Weka gia, Nati, kisha zungusha tena.

Akaachia. La kushoto likaenda mbele, la kulia likarudi zake nyuma. Akabonyeza, na gia ikiwa imeshika vilevile: Nati alisukuma tairi kwa mikono yote miwili, akatumia na goti, na halikusogea hata unywele.

— Ukibonyeza, alisema Mzee Breki, na safari hii aliyasema polepole, akiyapima, ruhusa imefutwa. Yanakuwa mtu mmoja. La hewani haliwezi kuzunguka peke yake. Likizunguka, lazima na la mwambani lizunguke. Nalo la mwambani lina pa kukanyaga, litakuvuta.

— Na kwenye kona?

— Kwenye kona unaachia.

— Korongoni nabonyeza, konani naachia, alisema Mama Madebe. Akarudia tena kimoyomoyo, huku kidole chake kikifungua na kufunga. Ni kitu kidogo hivyo! Na nilikuwa nimekitundikia kitambaa.

— Na mimi nilikuwa nimekaa chini ya waya wake, alisema Wembe. Siku zote hizi. Nakunywa kahawa.

Waliishusha Chura. Mama Madebe alisuuza madebe kwa maji ya Wembe, akayafunga nyuma. Nati alimfuata mpaka alipowasha injini, akainama kama anakagua tairi.

— Shemeji, alisema kwa sauti ya chini. Kaka akiuliza?

— Nitamwambia waya haukuwa umekazwa vizuri.

— Ulikuwa umekazwa vizuri sana, shemeji. Mahali pengine.

Hapo ndipo Mama Madebe alipocheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akamgusa shemeji yake begani, akaondoka.

Alasiri mawingu yakashuka kutoka mlimani. Kisha mvua ikaja, ile nene isiyouliza. Kwa kawaida benchi lingeendelea na maneno chini ya kivuli chake. Wangeweza kuingia karakanani, lakini hakuna aliyeingia. Wembe alishika pembe moja ya turubai, Betri ya pili, Mzee Breki ya tatu, na ya nne ilishikwa na fundi cherehani, ambaye hakupata waya wa breki na sasa hakutaka kwenda nyumbani bila kujua mwisho. Walisimama hivyo, mikono juu, maji yakiwatiririka kwapani. Nati hakuwa chini ya turubai. Alisimama barabarani, kichwa wazi, anatazama njia ya udongo.

— Atakuwa ameshafika korongoni, alisema Wembe.

— Atakuwa ameshapita.

— Au...

— Wembe, nyamaza.

 Mvua iliposema sana, waliipa nafasi. Ilipopungua, walitega masikio.

Nati ndiye aliyesikia kwanza. Aliinua mkono bila kugeuka. Kisha wote wakasikia: mlio mzito, unaoshuka, ukakaribia kwenye kona ya bondeni, ukapungua, ukapungua zaidi mpaka wakafikiri umezimika, kisha ukapanda tena upande wa huku wa kona.

Chura ikatokea, ya kahawia badala ya kijani. Mama Madebe akaisimamisha mbele yao, akashuka bila kusalimia. Akafungua debe lililojaa mpaka shingoni, akaliinamisha kidogo chini ya turubai lao.

— Nuseni.

Wakainama wote wanne, wakiwa bado wameshika pembe zao, na Nati akaingiza kichwa katikati yao. Maziwa yalikuwa na joto bado. Walivuta harufu ile ndani, wakakaa nayo kwa muda, na hakuna hata mmoja aliyetoa maoni.